AR au BR? Bunduki mbili za Halo, na ipi uishike

Mara ya kwanza kuishika bunduki ya Halo, gemu ya kupigana kwa risasi, ilikuwa kwenye maabara ya kompyuta chuoni, jioni, mlinzi amesimama mlangoni akisubiri tutoke afunge. Jamaa mmoja alikuja na CD ya toleo la majaribio: hatua moja ya hadithi, na uwanja mmoja wa kupigana sisi kwa sisi uitwao Blood Gulch, bonde refu lenye kambi kila ncha. Nikajikuta kambi ya bluu na Assault Rifle yenye risasi 60. Kule mbali nikamwona rafiki yangu, mdogo kama njiti ya kiberiti. Nikabonyeza mausi na sikuachia. Kwenye kioo kidogo mgongoni mwa bunduki namba zilishuka mbio, 60, 40, 15, mpaka sifuri mbili. Bwana yule akaja taratibu, akachomoa bastola, akapiga tatu. Nikalala chali.

Kwa miaka nikawa naitukana bunduki ile. Siku hizi naitukana kidogo, kwa sababu nimeshajua kilichoniponza: nilitaka ifanye kazi ya umbali ambao haikutengenezewa.

Swali hili halijazeeka. Kila mtu anayepakua Halo Infinite leo, na ni bure upande wa kupigana mtandaoni, ndani ya wiki moja anauliza: nibaki na Assault Rifle niliyopewa, au nikimbilie Battle Rifle iliyotundikwa ukutani? Wachezaji wenyewe huziita AR na BR, nami nitaziita hivyohivyo. Majibu mengi utakayopewa ni mafupi: "AR ya watoto, BR ya wanaume." Mimi sikubaliani nayo.

Kwanza zitambue

AR ni ya ukoo wa MA5. Ukiishikilia kifyatulio, inamimina risasi mpaka uachie. BR ni ya ukoo wa BR55. Ina darubini juu, na kila ukibonyeza zinatoka risasi tatu kwa mkupuo, basi. Unataka nyingine, bonyeza tena. Zote mbili magazini yake iko nyuma ya kifyatulio, ndani ya kitako, ndiyo maana zinaonekana fupi na nene mkononi mwa Master Chief, askari unayemchezesha kwenye hadithi.

Katika hadithi ya Halo zote mbili zinatoka kiwanda kimoja, Misriah Armory, chenye makao huko Mars. Lakini hazili chakula kimoja. MA5B, AR ya Halo ya kwanza, inatumia risasi ya 7.62 kwa milimita 51, na hapa huwa natabasamu: mwaka 2552, binadamu wameshatapakaa kwenye sayari kibao, na bado wanapiga risasi ileile ya G3, bunduki ambayo polisi wa Kenya wamebeba miaka nenda rudi. BR55 inatumia risasi nene na fupi zaidi, 9.5 kwa 40, ya kubuni.

Sasa Infinite. AR yake inaitwa MA40, magazini risasi 36. BR yake inaitwa BR75, magazini risasi 36 pia. Idadi ni moja, ila hesabu yake ni tofauti kabisa. Kwa BR, 36 ni mibonyezo 12. Adui mwenye ngao kamili, yaani ile kinga ya nishati inayomzunguka mwili, anaanguka kwa mikupuo minne ikiwa risasi zote zimempata na wa mwisho umetua kichwani. Kwa hiyo magazini moja, kwa mtu asiyekosa, ni watu watatu. Kwa AR usipige hesabu ya namna hiyo. Sehemu ya risasi zake itapotea tu hata ulenge vipi, na bunduki imeundwa ikijua hilo.

Ugomvi wao ulianzia wapi

Halo ya kwanza ilitoka Novemba 2001 pamoja na Xbox yenyewe, na ndani yake hakukuwa na BR. AR ilikuwa peke yake, risasi 60, duara la shabaha pana kama sinia. Kioo chake cha nyuma kilikuwa na namba za risasi na dira, na dira yenyewe haikuonyesha kaskazini. Ilielekea Threshold, ile sayari kubwa ya gesi inayoning'inia angani. Ni madoido, lakini ni madoido yaliyofanya bunduki ile ipendwe hata na waliokuwa wakifa nayo.

Tatizo lake lilikuwa jirani yake. Bastola ya mchezo ule, M6D, ilikuwa na darubini na uwezo wa kumwangusha mtu kwa risasi tatu za kichwa. Ndiyo iliyonilaza pale chuoni. Nani abebe rashasha wakati bastola inaua mara mbili mbali na kwa haraka zaidi?

Halo 2 ya Novemba 2004 ikafanya jambo ambalo lingezua vurugu leo: AR ikaondolewa kabisa. Nafasi yake ikachukuliwa na SMG, rashasha ndogo ambayo ungeweza kushika mbili kwa pamoja, moja kila mkono. Na ndipo BR ikazaliwa. Bastola nayo ikapunguzwa makali, hivyo kazi yote ya kupiga mbali kwa usahihi ikahamia kwa BR. Kwenye uwanja wa Lockout kuna mnara ambao wachezaji waliuita mnara wa BR kwa sababu bunduki hiyo ilikaa pale, na mechi nzima ilikuwa ni kugombea ghorofa ile. Mashindano ya Major League Gaming yakaamua kila mchezaji aanze na BR mkononi. Tangu hapo ikawa bunduki ya wenye ujuzi.

Ujuzi wenyewe mwingine ulikuwa hila. Kulikuwa na mchezo wa vidole uliojulikana kama BXR: unabonyeza B kumpiga mtu kitako, papo hapo X ya kubadili magazini ili kukatisha mwendo wa mkono, halafu kifyatulio cha kulia. Kitako na mkupuo vinamfikia karibu kwa wakati mmoja, na mtu amekufa kabla hajajua kama ni ngumi au ni risasi. Ilikuwa hitilafu ya mchezo. Watu wakaifanyia mazoezi kama piano.

AR ilirudi kwenye Halo 3, Septemba 2007, ikiwa na magazini ya risasi 32 tu, lakini kali zaidi karibu. Kuanzia hapo kila toleo limelazimika kuzipatanisha hizi mbili, au kukwepa. Halo: Reach ya 2010 ilikwepa: BR haimo, badala yake kuna DMR inayopiga moja moja.

Zinavyohisi mkononi

Hapa ndipo tofauti ilipo hasa, na ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapopita juujuu.

AR inasamehe. Umekutana na mtu kwenye kona, ameshtuka, umeshtuka. Ukianza kupiga kifuani, hata alama yako ikiteleza kidogo begani halafu ikarudi, bado unamla. Ngao yake ikipasuka, huna haja ya kumaliza magazini: sogea hatua mbili, mpige kitako. Huo ndio wimbo wa AR tangu Halo 3, risasi, hatua, kitako. Anayejua wimbo huo kwenye korido nyembamba ni mtu wa kuogopwa, na mara nyingi anayekufa mbele yake ameshika BR na alikuwa anajaribu kulenga kichwa kinachoruka.

BR haisamehi, lakini inalipa. Kila mkupuo ni uamuzi. Mikupuo mitatu unaiweka mwilini, ngao inapasuka kwa ile sauti ya glasi, wa nne unaupandisha kichwani. Ukikosa mmoja tu, unahitaji wa tano, na ndani ya muda wa huo wa tano mwenzako ambaye hajakosa ameshakuzika. Wanaoanza hubonyeza haraka kwa hofu, alama ikiwa bado haijatulia. Dawa yake ni kuusikiliza mlio: ta-ta-ta, nyamaza, ta-ta-ta, nyamaza. Kwenye huo ukimya ndipo unaporekebisha shabaha.

Jambo ambalo nililijua nimechelewa sana: karibu kila toleo, mtu anayetazama kwenye darubini akipigwa, darubini inamtoka. Anarudishwa kwenye macho ya kawaida, lazima aingie tena. Sasa fikiria mwenye BR amejibanza mbali anakuza, na wewe una AR. Humuui kwa umbali ule. Lakini ukimnyunyizia risasi, chache zitakazomgusa zitamtoa kwenye darubini kila anapoingia. Huo ni muda wako wa kuvuka uwanja au kurudi nyuma ya ukuta. Unapiga ili asione. Rafiki yangu mmoja huita hiyo "kumwagia mtu pilipili," na amenitesa nayo vya kutosha.

Kinyume chake ni hiki: mwenye AR akishavuka uwanja akakufikia umbali wa sebule, na wewe bado umeshikilia BR huku umejibana kwenye kona isiyo na mlango wa pili, hapo wa kulaumiwa ni kona uliyoichagua. BR inataka nafasi ya kurudi nyuma. Kabla hujasimama mahali, jiulize nitatokea wapi akija.

Kwenye hadithi, unapigana na nani?

Mashindano ya watu kwa watu yana mantiki yake. Kwenye kampeni, adui ndiye anayekuchagulia.

Maadui ni viumbe wa kigeni wa aina kadhaa. Grunt, wale wafupi wanaokimbia wakipiga kelele, BR inawamaliza mkupuo mmoja wa kichwa. Kundi la sita ni mibonyezo sita, nusu ya magazini. AR nayo inawafyeka, ila unakula risasi nyingi. Jackal wenye ngao ya mkononi ndio wanaonyesha kwa nini darubini ipo: kwenye ngao yao kuna kipengele pembeni ambapo mkono unatokeza. Mpige pale, anayumba, kichwa kinafunguka, mkupuo wa pili unamaliza. Kwa AR utaipiga ngao yake mpaka uchoke. Na waliocheza Halo 2 kwenye ugumu wa Legendary hawahitaji kukumbushwa habari za Jackal wadunguaji. Bila bunduki ya mbali unageuka mwanasesere wao.

Elite, shujaa wao mrefu, ni habari nyingine. Ana ngao kama yako, na kwenye Legendary ngao hiyo ni nene hasa. BR peke yake inakawia, AR peke yake inakawia zaidi. Njia ya zamani isiyochosha ni kubeba plasma pistol ya maadui: ishikilie kifyatulio mpaka ijae, achia, ile donge la kijani inavua ngao yote mara moja, kisha badili haraka kwa BR na mpige kichwani. Mikono miwili, bunduki mbili, adui mmoja chini. AR haiwezi kuwa nusu ya pili ya mchezo huo, maana nusu ya pili inataka kichwa.

Flood, vimelea vinavyovamia miili, ndiyo sehemu pekee ambapo sioni mjadala. Vile vidudu vidogo vinavyoruka makundi kwa makundi na kupasuka kama bisi, ukivipiga kwa BR unatumia risasi tatu kwa kimoja. Toa AR, zungusha, sikiliza bisi. (Infinite haina Flood, kwa hiyo usiibebee AR kwa sababu hiyo huko.)

Kumbuka pia kwamba Halo inakuruhusu bunduki mbili tu. Swali la AR au BR mara nyingi ni swali la nini kiko mgongoni. Una shotgun? Basi kazi ya karibu ina mwenyewe, shika BR. Una bunduki ya mdunguaji? Mbali kumeshughulikiwa, AR itakulinda mlangoni. Kubeba AR na BR pamoja siyo dhambi, hasa Halo 3, ambako unaanza na AR na unaiokota BR njiani. Wapo wanaoitupa AR papo hapo. Mimi hubaki nayo hadi nikutane na kitu bora.

Intaneti yetu, na pedi

Haya hayaandikwi na wanaoishi jirani na seva. Nikicheza nikiwa Dar, seva iko mbali, na jioni watu wote wa mtaani wakiwa hewani ndiyo mbaya zaidi. Kwa uzoefu wangu BR ndiyo inayoumia. Nalenga, nasikia mkupuo, naona alama imekaa kichwani, na ngao ya mtu haijatikisika. Mkupuo mmoja ukimezwa na mtandao, kati ya minne, nimeshapoteza pambano. AR ikimezewa risasi nne kati ya thelathini na kitu, sihisi sana. Siku ambayo intaneti inakohoa naingia na AR, nakaa karibu, napiga kitako. Siku imetulia, nachukua BR.

Kwenye Halo 3 hili lilikuwa na sura ya ziada. BR ya Halo 2 ilikuwa inapiga papo kwa papo: ulipolenga ndipo inapogonga. Ya Halo 3 risasi zake zinasafiri, na zinatawanyika kidogo njiani, hivyo mtu anayekimbia mbali lazima umlengee mbele yake. Ongeza mtandao mbovu juu ya hapo, unakuwa unawinda kivuli. Ukicheza Halo 3 ndani ya Master Chief Collection, mkusanyiko wa matoleo ya zamani, kwenye kompyuta, usishangae BR yako inaonekana imelewa.

Pedi au mausi? Kwa pedi, mchezo wenyewe unakusaidia kidogo kubaki juu ya adui, na AR inanufaika sana kwa sababu kazi yake ni kubaki juu ya mtu muda mrefu. Kwa mausi nilijikuta navutiwa na BR bila kuambiwa: kuruka kutoka kifuani kwenda kichwani ni mkwaruzo mdogo wa kifundo cha mkono.

Ndugu zao

Ukiwa huwezi kuamua, Infinite ina VK78 Commando, risasi 20, inamimina kama AR lakini inajali kichwa kama BR. Shida yake inarusha mtutu juu ukishikilia. Ipige vipandevipande. Na kuna Bandit ya moja moja, iliyokuja mwishoni mwa 2022, ambayo baadaye ilipata toleo lenye darubini. Anayeipenda DMR ya Reach ataipenda.

Basi uishike ipi?

Kama ndiyo kwanza unaanza, shika AR wiki mbili, na usione haya. Mechi za kawaida za Infinite zinakupa AR na bastola ya Sidekick, na jozi hiyo inajitosheleza: AR inavunja ngao, Sidekick inamaliza kichwa. Itakufundisha kusogea, jambo ambalo BR haikufundishi kwa sababu BR inakupa kisingizio cha kusimama. Wengi niliowaona wakikimbilia BR siku ya kwanza waligeuka nguzo: wamesimama, wanakuza, wanazungukwa.

Kama umeshaanza kushinda mapambano ya karibu na unakufa kwa watu usiowaona, huo ndio wakati wa BR. Ingia Academy, kuna mazoezi ya bunduki moja moja dhidi ya roboti, fanya ya BR mpaka mikupuo minne iwe desturi ya kidole. Ukitaka mechi za madaraja, usiruke hatua hii. Huko bunduki ya kuanzia ni ya kulenga, na wanaokusubiri wameshazoea.

Kwenye Big Team Battle, watu 24 na uwanja mpana, BR bila kufikiri mara mbili, isipokuwa kama kazi yako ni kuendesha gari la wenzio. Dereva na AR yake wanaelewana: akishuka, anashuka miguuni mwa mtu.

Na kuna wasomaji ambao haya yote wameyasikia tu, kwa sababu nyumbani na kwenye mabanda ya gemu kuna PlayStation, na Halo haikuwahi kukanyaga huko. Oktoba 2025 ilitangazwa Halo: Campaign Evolved, hadithi ile ya 2001 iliyojengwa upya, kwa ajili ya 2026, na PlayStation 5 imo. Ni hadithi peke yake, hakuna kupigana watu kwa watu, ila mnaweza kuwa wanne mtandaoni. Kilichonifurahisha kwenye tangazo ni orodha ya silaha zilizoletwa kutoka matoleo ya baadaye, maana BR imo. Kwa mara ya kwanza itakuwa ndani ya hadithi ambayo AR ilikuwa ikiibeba peke yake.

Nimeshapanga nitakavyofanya. Ile hatua ya Silent Cartographer, ndege inakushusha ufukweni na wanajeshi wenzako, maji yako vifundoni, Elite na Grunt wako mchangani mbele ya pua. Pale nashuka na AR, sina mjadala. Tukishausafisha mchanga, nikianza kupanda kule kwenye mawe ambako Jackal wanapenda kukaa, na kama nimebahatika kuiokota BR njiani, ndipo nitakapobadili.